Mashine Iliyokumbushwa kwa Mdomo

Tupokigwe alikuwa ameshachuja uji, ameshatoa maandazi ya kwanza kwenye mafuta, na amefagia uwanja mpaka kwenye yale mawe meupe yanayotenga hoteli na barabara kuu, wakati Jaha alipotokea nyuma ya nyumba akifuta mikono kwa fulana yake na kusema mashine haitoi moto.

"Injini inaunguruma vizuri tu," alisema. "Moto ndio hamna."

"Umeitia petroli?"

"Mama Tupo, injini ingeungurumaje bila petroli? Kwa maji ya mchele?"

"Mimi nimeuliza tu, Bwana Jaha. Kunywa uji."

Hoteli hiyo ilikuwa Igawa, pale malori ya Mbeya na Iringa yaliposimama ili madereva wale na injini zipoe. Jaha, mwenye hoteli, alikuwa mtu wa Iringa mjini, babu zake walipanda kutoka pwani na misafara. Mashine aliinunua mwaka wa hamsini na nne kwenye mnada wa vitu vya jeshi. Upande mmoja ilikuwa na injini ndogo ya petroli, upande wa pili dainamo ya kutoa moto wa umeme, na juu kisanduku chenye saa ya kuonyesha volti. Rangi yake ilikuwa ya majani makavu. Ilikuwa na masikio mawili ya chuma ya kuibebea, na sikio moja lilikuwa limepinda. Haikuwa na sura ya kusifiwa, lakini ilitengenezwa na watu waliokusudia idumu. Ilikuwa imepita vitani, ikanyeshewa, ikaangushwa, na bado ilikubali kuwaka kwa kuvutwa kamba mara moja. Betri za malori zilipangwa mbele yake chini ya kibanda cha mabati kama kuku wanaoatamia. Dereva aliacha iliyokufa, akachukua iliyojaa, akaendelea na safari.

Mwanzoni mshale wa ile saa ulipanda hadi volti kumi na nne na kutulia hapo, ndipo panapotakiwa. Baadaye ukaanza kurukaruka, mara kumi, mara sita. Asubuhi hiyo ulilala kabisa.

Jaha alimtuma dereva aitwaye Liberatus akamwite Fundi Matano kutoka Iringa.

Fundi alifika kesho yake kwa lori, amekaa juu ya magunia ya vitunguu. Alikuwa mtu mfupi, msafi sana. Kwanza alivua kanzu, akaikunja, akaiweka juu ya kiti, akabaki na kaptula. Hakuanza kwa kufungua. Alianza kwa kusikiliza. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, kama daktari na mgonjwa.

"Mwendo wake ni sawasawa," alisema. "Injini haina kosa. Tusimsingizie."

Ndipo akahamia upande wa dainamo. Alitoa brashi, vile vipande vya kaboni vinavyogusa shaba inayozunguka, akakuta vimelika mpaka vimekuwa kama chaki za mwisho wa muhula. Akapasua betri za tochi zilizokufa, akachomoa kaboni zake, akazipiga tupa taratibu, akizipima kila mara, mpaka zikaingia mahali pake bila kulegea na bila kubana. Shaba aliisugua kwa jani kavu la mti wa msasa. Majani hayo alisafiri nayo ndani ya kopo la kahawa, kwa sababu, alisema, karatasi ya dukani inaacha chembe na jani haliachi kitu. Alisafisha ile swichi ndogo inayofungua njia ya moto kuelekea betri. Alikwangua ncha za nyaya mpaka zikang'aa, na penye kutu nyeupe akaomba maji ya moto. Tupokigwe aliyaleta kwenye birika, akabaki amesimama. Kazi ikifanywa namna ile inatazamika.

Fundi akavuta kamba. Injini ikaunguruma. Mshale haukuinuka hata kidogo.

Hakukasirika. Alikaa chini akajipangusa jasho.

"Hapa sasa nimejua," alisema. "Imesahau."

"Imesahau nini?" aliuliza Tupokigwe.

"Dainamo, mama, ndani yake hubaki sumaku kidogo. Hiyo ndiyo kumbukumbu yake. Ikizunguka, inaanzia kwenye hiyo kumbukumbu, inapata moto mdogo, moto mdogo unazaa mkubwa. Sasa hii imerushwa kwenye malori, imepigwa nyundo na watu wasiojua, imekaa bure miaka. Imesahau. Haina pa kuanzia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo lazima ikumbushwe. Lori la Liberatus likirudi jioni, tutaikumbusha."

Alimaanisha kwamba angechukua waya mbili kutoka betri nzima ya lori na kuigusisha ile dainamo kwa nukta chache, ili sumaku irudi. Lakini hilo hakulisema, kwa sababu mafundi wote wanalijua, na adhana ya alasiri ilikuwa inasikika. Aliiacha injini inazunguka ipate joto, akavaa kanzu yake, akaenda kuswali.

Tupokigwe akabaki na mashine.

Sasa huyu Tupokigwe alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe. Alikuja Igawa pamoja na shemeji yake Sedekia, aliyehamia kulima mpunga. Mume wake Asukile, mdogo wake Sedekia, aliingia Keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita vya Hitla, akapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari. Salamu zake za mwisho zilikuja kwa mdomo wa mwenzake aliyerudi na mguu mmoja. Zilisema hivi: mimi ni mzima, nabeba mashine ya moto yenye masikio mawili, inanichuna mgongo, msalimieni mke wangu. Baada ya hapo likaja neno la jeshi, kwamba Asukile alitoroka kwenye mto fulani.

Tangu siku hiyo nywele za Tupokigwe hazikunyolewa. Mjane hunyolewa siku ya kumaliza kilio, na kilio hakikuwekwa. Kila mwaka baada ya mavuno, chakula kikiwa kipo, alikwenda kwa Sedekia kuomba kilio kiwekwe, na kila mwaka Sedekia, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa haki, alimjibu kwa upole uleule.

"Serikali imesema ametoroka. Mtu aliyetoroka yupo. Nikimlilia mtu aliye hai, si nimemchimbia kaburi mdogo wangu mwenyewe?"

Basi alikuwa si mke, si mjane. Nywele alizifunga ndani ya kitambaa, na kitambaa kilizidi kuwa kikubwa mwaka hadi mwaka.

Aliisogelea mashine. Aliona si adabu kuanza na mambo makubwa, akaisalimu kwanza, "Ugonile," akangoja kidogo kama mtu anavyongoja kuitikiwa. Kisha akaanza kuikumbusha.

"Ulikuwa Bama," alisema. "Kulikuwa na mvua. Hukwenda kwa miguu yako, ulibebwa. Aliyekubeba anaitwa Asukile. Mrefu, ana pengo hapa mbele, akipiga mluzi unapitia pengoni. Alipenda ndizi zilizopikwa na maziwa mgando, na akilala anasaga meno. Ulimchuna mgongo. Hakukulaumu, alisema tu."

Mshale ulitikisika, ukapanda mpaka nne. Tupokigwe aliuona, akaendelea, kwa sababu kazi ikishika njia haiachwi. Aliieleza jinsi Asukile alivyomchumbia kwa kumtengenezea kibao cha mbuzi ambacho hakikuweza kukuna nazi, maana Rungwe nazi haziko, alikiona kwa mtu wa pwani akakipenda. Mshale ukafika tisa.

"Kisha mkafika mtoni," alisema. "Wanasema hapo alitoroka."

Mshale ukaanguka mpaka sifuri.

Tupokigwe akaweka birika chini.

"Wanasema alitoroka," alirudia, ili apate hakika. Mshale ulibaki chini.

"Hakutoroka," alisema.

Mshale ukapanda, ukapita tisa, ukapita kumi na mbili, ukafika kumi na nne, ukatulia.

Fundi Matano aliporudi alitazama saa, akatazama nyaya, akaona hakuna kilichounganishwa.

"Nani ameikumbusha?"

"Mimi."

"Kwa betri gani?"

"Kwa mdomo."

Fundi alifikiri. "Mimi sijapata kujaribu hivyo," alisema. "Lakini volti kumi na nne ni volti kumi na nne. Umeifanya vizuri sana, mama. Uliyafuata maneno yangu kuliko nilivyoyafuata mwenyewe."

Alikunywa chai, akasimuliwa jinsi mshale ulivyoanguka na kupanda, akapanda lori la kwanza kurudi Iringa. Aliulizwa na Jaha kama ugonjwa unaweza kurudi, akasema kila asubuhi ikumbushwe kabla ya kazi, na kwamba neno la kutoroka lisisemwe karibu nayo. Jaha aliwatangazia madereva. Madereva, kwa kuwa ni madereva, walilijaribu siku hiyohiyo. Liberatus alisimama mbele ya mashine akasema mbuzi wake mmoja ametoroka. Mshale haukushuka.

"Basi huyo mbuzi ni kweli katoroka," alisema Jaha. "Katafute."

Betri za kwanza zilizojazwa zilichukuliwa na Liberatus mwenyewe. Giza lilipoanza kuingia aliwasha taa za lori, na mbele yake hakuiona barabara ya Iringa. Aliona njia nyembamba yenye matope, mianzi pande zote, na mvua inayonyesha kwa mshazari. Nje ya mwanga wa taa kulikuwa kukavu kama kawaida ya kiangazi, na vumbi la Usangu lilikuwa palepale. Liberatus alipunguza gia, akaendesha kwa kufuata kingo za barabara alizozijua kwa kichwa.

Aliporudi alimwambia Jaha kwamba betri ni nzuri, zina moto mwingi, ila zinaonyesha Bama.

"Unaona njia lakini?"

"Naona. Inabidi tu uwapishe askari."

Madereva wote wakazoea. Waliambizana kwamba baada ya mianzi kuna kona mbaya, na kwamba ukifika kwenye mto inafaa kusimama, kwa sababu watu wanavuka. Mto huo ulipita barabarani kwenye mwanga wa taa, mpana, umefura, rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo ya huku wanasimama askari weusi na mizigo yao. Wanaonyesha maji kwa mikono, wanatikisa vichwa. Sajini wa kizungu ananyoosha fimbo kuelekea ng'ambo. Wananyoosha tena mikono kwenye maji, naye ananyoosha tena fimbo. Kisha mtu mrefu mwenye mashine mgongoni anaingia wa kwanza. Maji yanafika kiunoni, yanafika kifuani. Anafika ukingo wa pili, na hapo matope yanakatika chini ya miguu yake. Anaisukuma mashine juu kwa mikono miwili, inapigwa na jiwe, sikio moja linapinda, inakaa. Yeye anateleza. Anaonekana kichwa, anaonekana mkono, basi. Sajini anatazama maji kwa muda. Anawageukia wengine, anasema neno, anaonyesha msituni kwa fimbo. Na wao wanatazama msituni, pale ambapo hakuna mtu.

Kila dereva alielewa bila kuelezwa. Mtu akifa maji, ataulizwa aliyemtia majini. Mtu akitoroka, anaulizwa mwenyewe.

Tupokigwe alipandishwa mbele kwenye lori la Liberatus, akatazama mpaka mwisho. Alimtambua kabla hajageuka, kwa namna alivyokanyaga matope kwa kisigino. Alipomwona anaisukuma mashine juu alisema, "Angalia nguvu zake," kwa sauti ya kusifu, kama mke anayemwonyesha jirani shamba lililolimwa vizuri. Liberatus akasema ni kweli, mashine ile yeye na Jaha waliishusha wakiwa watu wanne. Walisubiri mpaka askari wa mwisho akavuka. Kisha lori likapita.

Kesho yake alimpeleka Sedekia. Mzee alikaa mbele na kofia mapajani, akaona kila kitu. Lori lilipogeuka kurudi Igawa machozi yalikuwa yameingia kwenye ndevu zake.

"Umeona, shemeji," alisema Tupokigwe.

"Nimeona."

"Basi tuweke kilio. Mpunga upo."

Sedekia aligeuza kofia mikononi. "Mimi nimeona," alisema. "Serikali haijaona. Nikiweka kilio leo, nimesema serikali imedanganya. Nina watoto, mwanamke wee. Nina shamba nililopewa na boma hilohilo. Serikali ikiona, hata kesho nitachinja."

Serikali iliona mwezi uliofuata. Bwana Shauri, mkubwa wa boma, alikuwa anapita kwenda Iringa, gari lake likafa betri palepale Igawa, na Jaha akampa betri iliyojaa. Ilikuwa jioni. Tupokigwe aliomba lifti mpaka Makambako, naye alikuwa mzungu mpole, akamwambia apande. Walifika mtoni. Bwana Shauri alisimamisha gari bila kuambiwa, akaegemea usukani akatazama. Mtu mrefu alipopotea kwenye maji alivua kofia yake. Sajini alipogeuka kuwaonyesha wengine msitu, aliivaa tena.

"Namfahamu huyo," alisema kwa Kiswahili chake cha ofisini. "Alikuja kwenye harusi yangu."

"Na yule aliyezama ni mume wangu, Bwana. Mnasema alitoroka."

"Naona."

"Basi semeni alikufa. Neno moja tu. Mimi nipate kumlilia."

Bwana Shauri alifikiri kwa haki, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiri. Alisema kwamba neno lile lilitoka jeshini, na neno la jeshi halibadilishwi na taa za gari. Alisema yeye mwenyewe anasikitika sana. Alisema pia kwamba ile ni mashine nzuri ajabu, ya umri ule kutoa moto safi namna ile, na kwamba fundi wake apewe sifa. Wakasubiri askari wavuke, gari likaendelea. Makambako alimteremsha Tupokigwe salama, akamuaga kwa heshima.

Mambo yakakaa hivyo. Pale bomani lilijengwa jiwe la wale waliokufa vitani, na jina la Asukile halikuwemo. Yule sajini, ilisemekana, alipandishwa cheo huko Nairobi. Madereva wa barabara ile waliendelea kusimama mtoni kila jioni na kuzima injini mpaka Asukile amalize kazi yake, na waliokuwa na kofia walivua. Abiria wageni walipouliza wamesimamia nini, waliambiwa kuna mtu anavuka.

Na kila asubuhi, baada ya uji, Tupokigwe aliisalimu mashine na kuikumbusha. Hakurudia maneno yaleyale. Siku moja aliieleza jinsi Asukile alivyofunga kamba za mzigo, siku nyingine jinsi alivyocheka kanisani. Moto wake ukasifika mpaka Mbeya. Fundi Matano alikuwa akipita kuiangalia, anaweka bisibisi sikioni, anasikiliza, anatikisa kichwa kwa furaha, na hakuwa na la kufungua.

Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata Sedekia alinunua redio. Ilikuwa ya kutumia betri ya gari, na betri alikuja nayo Igawa begani kuijaza. Akamkuta Jaha peke yake, mshale umelala.

"Mama Tupo bado yuko jikoni na sufuria," alisema Jaha. "Hajaikumbusha. Kama una haraka, mzee, ikumbushe mwenyewe. Haichagui mtu."

Jaha alikwenda mbele kuhudumia wateja. Sedekia alisimama mbele yake akasafisha koo. Alitazama huku na huku. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa matete, na nyuma yake Tupokigwe alikuwa anakoroga.

"Uliwahi kubebwa na mdogo wangu," alisema Sedekia kwa sauti ya chini. "Kisha akatoroka."

Sifuri.

"Kisha," alisema, "hakuonekana tena."

Mshale ulipanda mbili, ukarudi.

Sedekia aliitazama betri yake. Alilitazama lile sikio lililopinda, akalishika.

"Mdogo wangu Asukile alikufa maji," alisema. "Alikuwa anakuokoa wewe. Aliambiwa avuke, akavuka."

Mshale ukapanda moja kwa moja hadi kumi na nne. Betri ilianza kuvuta moto, na maji ndani yake yakaanza kutoa mapovu madogo. Sedekia akapumua.

Tupokigwe alisogea kwenye ukuta wa matete, mwiko bado mkononi. Kupitia upenyo aliiona saa vizuri. Mshale ulikuwa umesimama kama uliopigiliwa msumari.

"Shemeji," aliita, "umeshuka kidogo. Rudia."

Sedekia akarudia.

"Kwa sauti, shemeji. Injini ina kelele."

Akarudia kwa sauti, na wateja wa mbele wakaacha kutafuna. Tupokigwe alikaa chini kwenye kigoda, akafungua kitambaa chake, nywele zikamshukia mabegani, akaweka mikono kichwani kama wanavyoweka watu wa msibani.

"Bado, shemeji," alisema. "Rudia tena."

Betri ilijaa saa nne. Sedekia aliibeba begani akaenda zake, na Jumapili kanisani alipoulizwa habari za mdogo wake alijibu kwamba serikali ilisema ametoroka. Tupokigwe alikuwa ameshafunga kitambaa chake, anasugua sufuria. Alihesabu kwamba betri ya redio, ikitumika kila jioni, itahitaji kujazwa tena mwisho wa mwezi.